Maji ya Mto Mara na haki ya kujua

Mto Mara ulipogeuka mweusi na samaki kufa Machi 2022, karibu na daraja la Kirumi, kamati ya serikali ya Tanzania ilitaja chanzo kuwa kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, maelezo ambayo wananchi wengi hawakuyakubali, wala si ajabu, kwani mwaka 2019 NEMC, baraza linalosimamia mazingira, liliutoza mgodi wa North Mara faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uvujaji wa bwawa la topesumu, yaani masalia yenye kemikali yanayobaki baada ya dhahabu kutolewa. Sheria ya mwaka 2015 ya uwazi katika uziduaji, yaani uchimbaji wa madini, mafuta na gesi, inaagiza mikataba itangazwe. Wavuvi wa Butiama, Musoma na Bunda wanastahili vilevile kubandikiwa mwaloni vipimo vya maji, kwa Kiswahili, kabla samaki hawajaelea.