Kusikia, Kutii na Kutembea Nuruni: Mhadhara juu ya Imani ya Askofu Mkuu Janani Luwum

Mama akisema mtoto wake hasikii, hana maana kwamba masikio ya mtoto yana kasoro. Analalamika kwamba mtoto hatii. Ndiyo maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Neno la Kiebrania shama, linalofungua ungamo la imani la Waisraeli katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, nalo hubeba maana hizo mbili kwa pamoja. Tena imani, amana na uaminifu ni maneno ya ukoo mmoja, yaliyoingia katika Kiswahili kutoka mzizi uleule wa Kiarabu. Basi Paulo anapoufungua na kuufunga Waraka kwa Warumi (1:5 na 16:26) kwa kuambatanisha utii na imani, msomaji wa Kiswahili yuko nyumbani.

Ugumu uko kwingine. Mtu atajuaje kwamba sauti anayoitii ni ya Mungu?

Afrika Mashariki imelilipia swali hilo kwa maiti. Kuanzia Aprili 2023, wachunguzi walifukua zaidi ya miili 400 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Wengi walikuwa waumini walioacha kula wakiamini kwamba njaa ingewafikisha kwa Yesu. Watoto walikuwamo. Hakuna anayeweza kusema kwamba watu wale walikosa utii. Walitii mpaka kaburini. Mhubiri anayewahimiza waumini watii bila kuuliza, baada ya Shakahola, ana deni la maelezo.

Maisha ya Janani Luwum yanasaidia kulijibu swali hilo, kwa sababu utii wake ulianza na mambo madogo yaliyoonekana na kila mtu. Alizaliwa mwaka 1922 huko Mucwini, katika nchi ya Waacholi kaskazini mwa Uganda, akawa mwalimu wa shule ya msingi. Januari 1948 aliokoka kupitia Uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliochipuka Gahini, Rwanda, na kusambaa miaka ya 1930 hadi Uganda, Kenya na Tanganyika. Walokole, kama walivyoitwa waumini wa Uamsho huo, walikuwa na msemo wao: kutembea nuruni. Kwao haukuwa msemo wa mimbarini tu. Mlokole alisimama mbele ya wenzake akaitaja dhambi yake. Aliyeiba alirudisha alichoiba, mwenye deni akaenda kulilipa, na waliogombana wakaombana msamaha. Aliyesema anamtegemea Mungu alitazamwa mikono yake, si midomo tu. Walokole walikuwa na makosa yao pia: wengine walikuwa wepesi kuwahukumu wasioungama kama wao, na makanisa yalipasuka mahali pengine. Hata hivyo waliwafundisha watu kwamba imani ya sirini haijakamilika.

Luwum akawa kasisi, akawekwa wakfu kuwa Askofu wa Kaskazini mwa Uganda mwaka 1969, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa jimbo lililojumuisha Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Wakati huo Idi Amin alikuwa ameitawala Uganda kwa miaka mitatu. Askofu Mkuu alikwenda mara kwa mara kwa wakubwa wa serikali kuwaombea waliokamatwa na kuwatafuta waliopotea, na wapo waliomlaumu kwamba anasogea mno karibu na watawala. Lawama hiyo haikuwa ya kipuuzi. Kiongozi wa dini anayeingia Ikulu kila wiki anaweza kuzoea zulia lake. Lakini Luwum aliingia na majina ya wafungwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977, wanajeshi waliivamia nyumba yake Namirembe, Kampala, wakidai wanatafuta silaha. Hawakuzipata. Siku chache baadaye maaskofu walikutana na kumwandikia Amin barua wakipinga upekuzi ule, mauaji na jeuri ya vyombo vya usalama. Barua yenyewe ni somo zima la utii wa Kikristo. Iliandikwa moja kwa moja kwa anayelalamikiwa, ikatiwa saini na Luwum na maaskofu wenzake. Hakuna aliyechochewa kushika bunduki, wala hakuna aliyejificha nyuma ya mafumbo. Luwum aliamini kwamba mtawala anastahili heshima, na kwa sababu hiyohiyo anastahili kuambiwa kweli usoni.

Tarehe 16 Februari viongozi wa dini waliitwa Kampala, wakasimamishwa mbele ya silaha zilizopangwa kama ushahidi wa uhaini. Wengine waliruhusiwa kuondoka, Luwum akazuiwa. Askofu Festo Kivengere, aliyekuwa pamoja naye, alisimulia baadaye kwamba Luwum alisema anauona mkono wa Bwana katika jambo lile. Kesho yake serikali ilitangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Waliouona mwili wake waliona majeraha ya risasi.

Hapa tofauti na Shakahola inajidhihirisha. Kule msituni, aliyeamuru alidai uhai wa wengine, watoto wa wengine wakiwa wa kwanza, mbali na macho ya majirani na serikali. Luwum hakumtuma mtu yeyote kufa. Gharama ya utii wake aliibeba mwenyewe, baada ya kusema mchana kweupe alichokiamini, huku wenzake wakiwa huru kumpinga.

Kaburi la Luwum lilichimbwa Namirembe, kando ya kaburi la Askofu James Hannington aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Lilibaki tupu, kwa kuwa mwili ulipelekwa Mucwini na kuzikwa huko. Jumapili ya tarehe 20 Februari waumini walifurika Namirembe hata hivyo, wakaabudu kando ya shimo lisilo na jeneza, wakati Amin bado yuko madarakani na askari wake bado wako barabarani.