Waliotoka Angani na Waliobaki Ardhini

Wakazi wa Magara, na wa mwambao wote unaoshuka hadi Rumonge, huiona milima ya Kongo kila jioni jua linapotua. Huko ng'ambo, pande za Uvira, Baraka na Fizi, ndiko zilikotoka familia nyingi ambazo leo ni majirani zetu. Baadhi yao walilivuka ziwa kwa mitumbwi wakati wa vita vya miaka ya 1964 na 1965. Katika mazungumzo yetu ya leo tutazitazama habari za askari wa miavuli, ambao katika miaka hiyo walishuka katika ardhi ya Kongo, na tutajiuliza walikuja kwa ajili ya nani.

Jeshi la miavuli linalojulikana zaidi duniani ni Divisheni ya 82 ya Marekani. Liliundwa mwaka 1917, likiwa jeshi la kawaida la askari wa miguu, kwa ajili ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1942 ndipo lilipofanywa jeshi la kurushwa kutoka angani. Askari wake walishuka Sicily Julai 1943, wakashuka Normandy usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944, na Uholanzi Septemba mwaka huo huo.

Kazi ya jeshi la namna hiyo ina mipaka yake. Askari wa mwavuli hubeba silaha nyepesi na risasi chache. Huteka daraja au uwanja wa ndege kwa ghafla, kisha hushikilia mpaka wenzake wenye mizinga na magari wafike. Kwa maneno mengine, hilo ni jeshi la kufika, wala si jeshi la kukaa.

Kongo ililiona jambo hilo mwaka 1964. Waasi walioitwa Simba waliiteka Uvira mwezi Mei, na mwezi Agosti wakaingia Stanleyville, mji ambao leo unaitwa Kisangani. Hapo Christophe Gbenye akatangaza serikali yake. Waasi hao waliwaua Wakongo wengi, hasa watumishi wa serikali na watu waliosoma. Majeshi ya serikali, yakisaidiwa na mamluki wa kizungu, yalipoanza kuwakaribia, Simba waliwashika wageni wa mji huo wakawafanya mateka. Hilo lilikuwa kosa kubwa, na hakuna hoja ya ukombozi inayoweza kulisafisha.

Ubelgiji na Marekani zikaamua kuingia. Ndege za Marekani aina ya C-130 ziliwachukua makomando wa miavuli wa Ubelgiji, walioongozwa na Kanali Charles Laurent, zikapitia kisiwa cha Ascension kilichomo baharini Atlantiki, zikatua Kamina huko Katanga. Wakati huo huo Nairobi kulikuwa na mazungumzo. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umemkabidhi Mzee Jomo Kenyatta kamati ya kutafuta suluhu ya Kongo. Tarehe 23 Novemba, Mzee Kenyatta alikaa pamoja na Thomas Kanza, aliyewawakilisha waasi, na balozi wa Marekani, William Attwood. Hawakuafikiana. Alfajiri ya tarehe 24, makomando wapatao 320 waliruka juu ya uwanja wa ndege wa Stanleyville.

Waasi waliposikia ngurumo za ndege waliwatoa mateka wapatao 250 katika hoteli, wakawakalisha barabarani, kisha wakawafyatulia risasi. Makomando walipofika, watu wapatao 20 walikuwa wamekwisha kufa au wako katika kukata roho. Mmoja wao alikuwa Daktari Paul Carlson, mmisionari wa Kimarekani. Lakini wengi waliokolewa. Siku mbili baadaye askari hao walirushwa tena, safari hii Paulis, mji unaoitwa leo Isiro. Kwa jumla, wageni wapatao 2,000 walitolewa katika miji hiyo miwili. Tarehe 29 Novemba makomando walikuwa wamekwisha kuondoka.

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mgeni alikuja akaondoka, na mwenyeji hakupona. Ndege za mwisho zilipoondoka, nyuma yake waliachwa Wakongo wa Stanleyville, kati ya waasi waliotaka kulipiza kisasi vijijini na majeshi ya serikali pamoja na mamluki waliomwona kila kijana kuwa ni Simba. Maelfu waliuawa. Wazungu waliokufa wanajulikana kwa majina yao; Wakongo waliokufa wametajwa kwa makadirio. Mwaka 1965 vita vikahamia kwenye ziwa letu. Baraka ikashambuliwa kutoka majini, na mitumbwi ya wakimbizi ikaelekea huku.

Divisheni ya 82 yenyewe ilitia mguu Kongo mwaka 1967, mamluki walipoiasi serikali ile ile iliyowaajiri. Marekani ilipeleka ndege tatu za C-130 kusafirisha majeshi ya serikali, na askari wa divisheni hiyo wakapewa kazi ya kuzilinda ndege hizo. Wakati huo Jean Schramme na wenzake walikuwa wakiishikilia Bukavu, na hawakuiacha hadi Novemba, walipokimbilia Rwanda.

Tabia hiyo ya kufika na kuondoka haikubadilika. Agosti 2021, huko Kabul, askari wa mwisho wa Marekani kupanda ndege alikuwa kamanda wa Divisheni ya 82. Nyuma yake walibaki maelfu ya Waafghani waliokuwa wamewatumikia Wamarekani kwa miaka mingi.

Hatusemi kwamba mateka wa Stanleyville hawakustahili kuokolewa. Kila roho inastahili. Tunalosema ni kwamba Mkongo aliyejificha chini ya kitanda siku ile alistahili vivyo hivyo, na hakuna ndege iliyopangwa kwa ajili yake. Tena Afrika nayo isikwepe lawama. Umoja wetu ulikuwa na kamati, haukuwa na kikosi hata kimoja cha kumlinda mwanakijiji, na tuliishia kupeleka malalamiko yetu katika Baraza la Usalama mwezi Desemba, maiti wakiwa wamekwisha kuzikwa.

Umoja wa Afrika ulipotia saini, mwaka 2002, itifaki iliyoagiza kuundwa kwa kikosi cha dharura cha Afrika, ulikuwa unajibu aibu za namna hiyo. Hata hivyo, Februari 2025, Bukavu ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, maelfu ya Wakongo waliuvuka mto Rusizi wakiwa na watoto wao na vyombo vyao vichache. Aliyewapokea ni mwananchi wa Rugombo, ambaye mwenyewe hana cha ziada.

Kikosi cha Afrika kitakapokuwa tayari kweli, kisipimwe kwa wingi wa ndege zake wala kwa haraka ya kufika kwake. Kipimwe kwa jambo moja: siku ya sita, wageni wakiisha kuondoka, je, kitakuwa bado kimesimama njiani kati ya mwenye bunduki na mwanakijiji? Wazee wa Rumonge waliovuka ziwa wakiwa watoto wangependa kulisikia jibu hilo wakiwa hai.