Lafudhi ya Kuazima: Sauti za Waigizaji katika Vichekesho vya Televisheni

Kwa watazamaji wa televisheni ya taifa nchini Kenya, Mzee Ojwang wa kipindi cha Vitimbi alikuwa Mjaluo asiye na shaka. Jina lake lilikuwa la Kijaluo, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyenyonya Dholuo kabla ya lugha nyingine yoyote. Nyuma ya pazia, mwigizaji huyo, aliyefariki Julai 2015, aliitwa Benson Wanjau, naye alikuwa Mkikuyu.

Habari kama hii husimuliwa barazani kwa kustaajabishana, kisha ikaachwa hapo. Mwanaisimu hana budi kuichukua kwa uzito zaidi. Dholuo haina sauti /sh/ wala /z/. Ndiyo maana anayeiga Kiswahili cha Wajaluo hukimbilia kwanza kusema *sule* badala ya *shule*. Gikuyu nayo haitofautishi /l/ na /r/, na hutanguliza unazali katika /b/, /d/ na /g/. Basi Mkikuyu anayetaka kuwa Ojwang ana kazi mbili kwa wakati mmoja: kuificha athari ya lugha ya mama yake, na kuivaa athari ya lugha ya mama wa mwingine. Wala haivai yote. Mwigaji hachukui fonolojia nzima ya lugha. Huchagua alama chache ambazo hadhira tayari inazitambua, akazikoleza. Kinachosikika jukwaani si lafudhi ya Wajaluo, bali ni ile picha ambayo majirani zao wanayo juu ya lafudhi hiyo.

Hakuna kipindi kilichoyadhihirisha haya kama Mind Your Language, kilichoanza kurushwa na kituo cha London Weekend Television mwishoni mwa mwaka 1977 na kuuzwa katika nchi nyingi, Kenya ikiwamo. Mandhari yake ni darasa la jioni mjini London, ambamo wageni kutoka pande zote za dunia wanajifunza Kiingereza. Kila mwanafunzi ni taifa lake, na kila taifa lina kosa lake. Orodha ya waigizaji, hata hivyo, inasimulia hadithi nyingine kabisa. Ranjeet Singh, Kalasinga wa Punjab, aliigizwa na Albert Moses, mzaliwa wa Sri Lanka. Ali Nadim, Mpakistani, aliigizwa na Dino Shafeek, aliyezaliwa Dhaka, mji ambao leo ni makao makuu ya Bangladesh. Mgiriki wa darasa hilo alikuwa Kevork Malikyan, Muarmenia aliyezaliwa Uturuki. Mhispania alikuwa Ricardo Montez wa Gibraltar. Mfaransa alikuwa Françoise Pascal, mzaliwa wa Mauritius. Na yule Mchina mwenye kitabu chekundu cha Mao mkononi alikuwa Pik-Sen Lim, kutoka Penang, Malaysia.

Watu hawa walikizungumza Kiingereza kwa ufasaha. Walilipwa ili wakivunje. Tena hawakukivunja kwa namna ambavyo wao wenyewe, au wazee wao, wangekivunja, bali kwa namna ambavyo Mwingereza aliyeketi sebuleni kwake alitarajia Mgiriki au Mhindi akivunje. Mwalimu wao, Bwana Brown, ndiye pekee anayechukuliwa kuwa hana lafudhi. Hilo nalo ni kosa la kitaaluma. Alikuwa nayo, ya tabaka la wasomi wa kusini mwa Uingereza, ila hakuna aliyeambiwa aicheke. Mwaka 1979 Michael Grade, mmoja wa wakuu wa kituo hicho, alikiondoa kipindi hewani akiona kinawadhihaki wageni, ingawa watazamaji walikuwa wengi.

Marekani inao mfano wa kuchekesha zaidi na usioumiza mtu. Katika Frasier, kipindi kilichorushwa kuanzia 1993 hadi 2004, yumo mhusika Daphne Moon, mwanamke wa Manchester. Jane Leeves aliyemwigiza ni Mwingereza kweli, lakini si wa Manchester. Ni wa kusini. Katika seti hiyohiyo alikuwamo mwana halisi wa Manchester, John Mahoney, aliyezaliwa Blackpool mwaka 1940 na kukulia Manchester. Yeye aliigiza Martin Crane, polisi mstaafu, Mmarekani wa kupigiwa mfano. Mahoney alihamia Marekani akiwa kijana, akaingia jeshini, akajitahidi kwa makusudi kuifuta lafudhi yake hadi isibaki. Kwa hiyo kwa miaka kumi na moja mtu wa Manchester alikaa kimya kitini akimsikiliza mtu wa kusini akiigiza Umanchester.

Mambo huwa magumu zaidi kichekesho kinapovuka mpaka wa lugha. Katika Fawlty Towers ya BBC, yenye vipindi kumi na viwili tu, vya mwaka 1975 na 1979, mhudumu Manuel anatoka Barcelona na Kiingereza kinampiga chenga. Andrew Sachs aliyemwigiza alizaliwa Berlin mwaka 1930, akakimbilia London na wazazi wake mwaka 1938 kwa kuwa baba yake alikuwa Myahudi. Kijerumani ndicho kilichokuwa lugha yake ya kwanza. Kipindi kilipotiwa sauti za Kihispania, Manuel aligeuzwa Mwitaliano na kuitwa Paolo. Kilipotiwa za Kikatalani, aligeuka Mmeksiko. Mtafsiri hakuwa na hila nyingine. Msamiati una visawe, lakini lafudhi haina kisawe, ina mbadala tu. Na kila mbadala ni uamuzi wa nani achekwe.

Uzito wa uamuzi huo ulionekana katika mjadala juu ya Apu, mwenye duka wa Kihindi katika katuni za The Simpsons, aliyetiwa sauti na Hank Azaria, mzaliwa wa New York. Katika filamu ya Hari Kondabolu ya mwaka 2017, Wamarekani wenye asili ya Kihindi walieleza jinsi walivyodhihakiwa utotoni kwa sauti ile. Mwaka 2020 Azaria aliacha kumwigiza. Wapo wanaodai kuwa ni kutia chumvi kumlaumu mwigizaji. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama sauti ya jukwaani ingebaki jukwaani.

Kiswahili kimeshaingia katika biashara hii. Mwaka 2011 TBC ilirusha Doudou na Mama Wakwe Zake, tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, na nyingine nyingi zimefuata. Siku Manuel atakapofika Dar es Salaam, mtafsiri atamvika lafudhi ya nani? Vichekesho vya Tanzania vimeshaweka akiba: Mchaga, Mhaya na Mpemba wana lafudhi zao za jukwaani, tayari kuazimwa. Huyo wa mwisho anastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Mpemba hakujifunza Kiswahili darasani, amezaliwa nacho, na lahaja yake ilikuwapo kabla ya Kiunguja kuteuliwa kuwa msingi wa usanifishaji. Wengi wa wanaomcheka walikikuta Kiswahili shuleni.