Nauli ya Bidhaa za Plastiki na Mpira: Tupime Kabla ya Kuagiza

(Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo huonekana dogo mpaka ankara ifike, yaani namna nauli ya mzigo inavyokadiriwa.

Katika ukaguzi wangu nilikuta chama kimoja kilichoagiza kwa meli ndoo 1,000 za plastiki. Kila ndoo ilikuwa na uzito wa gramu 700, hivyo Katibu akatenga nauli ya mzigo usiofika tani moja. Ankara ilidai nauli ya tani 27. Bei ya ndoo ikapanda, wanachama wakakataa kuzinunua, na ikavumishwa kwamba Katibu amekula fedha. Nilipekua hati zote. Hapakuwa na senti iliyoibwa. Kosa lilikuwa la hesabu.

Kwa kawaida, mzigo wa meli usiojaza kontena hutozwa kwa tani ya uzito, au kwa mita ya ujazo, kwa kutegemea ipi ni kubwa zaidi. Ndoo yenye sentimita 30 kila upande huchukua mita za ujazo 0.027, ndoo 1,000 huchukua 27. Mwenye meli huuza nafasi pia, wala hauzi uzito peke yake. Lau ndoo zile zingepachikwa kumi kumi, kila fungu likiwa na kimo cha sentimita 57, jumla ingekuwa mita za ujazo 5.13, na nauli isingefika hata moja ya tano.

Mikeka ya mpira ya zizini ni kinyume chake. Bunda la nusu mita ya ujazo laweza kuwa na kilo 600; hapo uzito ndio utakaotozwa.

Nchini Marekani, mizigo midogo ya malori hupangwa katika madaraja 18, kuanzia 50 hadi 500. Mzigo mzito uliobanana huwekwa daraja la chini, na mwepesi uliojaa hewa hupanda daraja. Huangaliwa pia urahisi wa kuupanga, kuushughulikia, na hatari ya kuharibika.

Basi, ndugu Makatibu, kabla ya kuagiza, mtakeni muuzaji aeleze kwa maandishi uzito na vipimo vya kila fungu baada ya kufungwa. Ulizeni kama bidhaa zaweza kupachikwa. Msiandike “bidhaa za plastiki na mpira” kwa jumla. Orodhesheni kila aina peke yake. Kisha fanyeni hesabu zote mbili mbele ya Kamati, na ziandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Katibu yule alinusurika kwa sababu alitunza hati zake. Lakini fedha ya wanachama haikurudi. Fedha hiyo ni jasho la mkulima. Isipotee kwa kusafirisha hewa.