NGITILI NDIYO INAYOLIMA

(Maneno yaliyosomwa kwenye mkutano wa chama. Yamebandikwa hapa kwa ajili ya wasiohudhuria.)

Ndugu wanachama na wanakijiji wenzetu,

Shauri linazunguka kilabuni na kisimani: ngitili ya kijiji ifyekwe, igawanywe ekari ekari, tuongeze pamba. Wanaosema hivyo si wavivu. Wanataka fedha ya mabati na ya sare za watoto, nasi tunaitaka. Lakini hebu tupige hesabu kabla panga halijatoka.

Pamba yetu analima nani? Maksai. Naye huanza kazi mvua za kwanza, Novemba hivi, akitoka kwenye kiangazi kirefu. Agosti, Septemba, Oktoba majani yako wapi? Yako ngitili, maana tuliifunga tangu mvua zilipoanza. Ng'ombe aliyekonda havuti jembe. Ukichelewa kulima umechelewa kupanda, na pamba iliyochelewa wote mnayajua mavuno yake. Anayefyeka ngitili apate ekari mbili atakosa wa kumlimia hata zile nne za zamani. Na zizi likiwa tupu, samadi itatoka wapi?

Mkoa wetu wa Shinyanga umekwisha yaona haya. Tangu wakati wa Mwingereza mapori yalifyekwa kuua mbung'o, kisha yakafyekwa kwa ajili ya mashamba na kuni. Nchi ikabaki wazi, watu wakapikia mabua na mavi ya ng'ombe. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Haukuleta dawa ngeni, uliifufua ngitili ya wazee. Wakati ule ngitili zilizojulikana zilikuwa kiasi cha hekta 600. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Miti mingi haikupandwa na mtu. Visiki vilichipua vyenyewe vilipoachwa.

Jamani, hatusemi pamba ipungue. Iongezeke ndani ya shamba lile lile:

1. Samadi isambazwe shambani kabla ya mvua.

2. Matuta yakinge mteremko, yasielekee bondeni.

3. Pamba ipishane na mtama, choroko au dengu.

4. Masalia ya pamba yang'olewe na kuchomwa baada ya mavuno, maana ndimo wanamojificha wadudu. Lakini yachomwe katikati ya shamba, upepo ukiwa umetulia, na watu wasimame hapo mpaka yazimike. Moto ukiingia ngitili wakati wa kiangazi, nani atauzima?

5. Ngitili ifunguliwe kipande kwa kipande. Kuni ni matawi, siyo shina. Atakayeingiza mifugo kabla ya siku atajibu mbele ya dagashida, awe na ng'ombe watatu au mia tatu.

Asiye na ng'ombe asiseme ngitili haimhusu. Majani ya kuezekea, dawa, asali na kuni za jikoni kwake vyatoka humo humo.

Shauri hili litapigiwa kura mkutano ujao. Njooni wote. Akina mama msibaki nyuma, kwani ninyi ndio mnaojua mwendo wa kutafuta kuni pori likiisha.

Akiba haiozi. Shime wanaushirika!

Wenu katika ushirika,
Wajumbe wa Bodi