Nambari ya Simu ya Mwana Aendaye Ng'ambo



Twasema juu ya jambo lionekanalo dogo, nalo ni nambari ya simu ya mtoto wetu aendaye kufanya kazi ng'ambo. Zamani aliyetoka Kajiado kutafuta kazi mbali aliacha anwani kwanza, sanduku la posta la duka au la misheni. Leo nambari ya simu ndiyo anwani, na tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 imekuwa pia mfuko wa fedha. Hata hivyo twawaona vijana wakitayarisha pasipoti, cheti cha daktari na nguo, na habari ya nambari wakaiacha mpaka uwanja wa ndege.

Binti mmoja wa Kitengela, ambaye jina lake twalihifadhi, alikwenda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani. Mwajiri alimnyang'anya simu, na nambari za jamaa zake zote zilikuwa ndani yake. Kichwani alikuwa na moja tu, ya baba yake, kwa kuwa iliandikwa kwa rangi juu ya mlango wa duka lao. Alipougua, aliazima simu ya Mkenya mwenziwe, akapiga kama tupigavyo hapa, kwa kuanza na sifuri. Haikuita. Mwenziwe akamfundisha kuondoa sifuri na kutanguliza +254. Ikaita, lakini mzee alipoona nambari ngeni yenye 966 alidhani ni matapeli, akaikata. Alipokea siku ya tatu. Binti yu nyumbani sasa, ila siku zile hatutaki zimfike mwingine.

Basi twashauri mambo manne.

Kwanza, laini ya Kenya isajiliwe kwa kitambulisho cha msafiri mwenyewe, si cha kaka wala cha rafiki. Kabla ya kuondoka aombe ifunguliwe kutumika ng'ambo, ili ujumbe wa benki umfikie. Tena aitumie mara kwa mara, kwani laini iliyolala muda mrefu huweza kufungwa, na nambari ikapewa mtu mwingine.

Pili, asinunue hapa laini ya kigeni iliyokwisha kusajiliwa. Saudi Arabia laini husajiliwa kwa hati za mtu na alama za vidole vyake. Amwuziaye laini ya namna hiyo hapa Kitengela amemwuzia jina la mtu mwingine, na siku ya mashaka jina hilo halitamtetea. Afadhali ainunue afikapo, kwa jina lake, na aitume nambari nyumbani siku hiyo hiyo. Desturi za nchi si moja: Uingereza, waendako wauguzi wetu, laini ya kulipia kabla hupatikana dukani bila kitambulisho. Yafaa kuuliza mapema.

Tatu, msafiri ajue kwa moyo nambari mbili za nyumbani, zikianza na +254. Aziandike pia katika karatasi pamoja na ya ubalozi wa Kenya wa nchi aendako, na karatasi hiyo asiiweke pamoja na simu.

Nne ni letu sisi tuliobaki. Wazee wetu, mwenye mwana ng'ambo na apokee simu ngeni. Kupokea hakuleti hasara. Hasara ni kumtajia mtu nambari ya siri. Saa ya Riyadh ni saa ya Kajiado: apigaye usiku wa manane naye yu macho usiku wa manane, na huenda ana sababu.

Twamwomba kila mzazi, kabla mwanawe hajapanda gari la kwenda uwanja wa ndege, amwambie ataje nambari ya nyumbani bila kuitazama simu. Asipoweza, bado hajawa tayari kuondoka.