WATEJA WAKIONDOKA, TUTABAKI NA NINI?

(Hotuba ya Kamati kwa wanachama)

Ndugu wanachama wa Ngara na Biharamulo.

Tumetimiza miaka kumi. Tumeombwa tuseme kiongozi wa biashara mwenye busara ni yupi. Mfano tunao hapa hapa kwetu.

Tarehe 28 Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda walianza kuvuka daraja la Rusumo, wapatao 250,000 kwa muda wa kama siku moja tu. Benaco ikawa mji. Ndizi zetu zikapanda bei, mahindi ya msaada yakashuka. Biashara ikachangamka kweli kweli. Desemba 1996 wakarudi kwao, na soko likaondoka nao. Aliyejaza duka kwa mkopo alibaki na deni. Aliyegeuza faida kuwa bati, shamba na ada ya watoto alibaki na kitu.

Basi, jamani akina mama, kiongozi mwenye busara haulizi tu, "Leo tumeuza kiasi gani?" Anauliza pia, "Wateja hawa wakiondoka, tutabaki na nini?"

Swali hilo ni la leo pia. Mwaka 2016 kilifunguliwa Rusumo kituo cha pamoja cha mpakani, ili magari yasikae foleni muda mrefu. Ni jambo jema kwa nchi. Lakini mama lishe anayemtegemea dereva aliyekwama inabidi afikirie mapema atamwuzia nani.

Pili, kiongozi mwenye busara hukubali kuhesabiwa. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wanachama watatu. Mwenyekiti hana hata mmoja, na hanung'uniki.

Tatu, anaweza kusema hapana, hata kwa shoga yake. Mkopo wa kumfurahisha mtu ni jasho la wenzake.

Ndugu wanachama, wapo wanaosema mwaka huu sanduku ligawanywe lote, tusherehekee. Tunawaelewa, shida ni nyingi. Ila Kamati inaomba tugawane faida, hisa zibaki, na mfuko wa jamii usiguswe. Uamuzi ni wenu, kwa kura.

Akiba haiozi.